Upande wa Kulia wa Tansy

Nimechoka. Wacha nianze na hilo, maana kila mtu akiniuliza habari za masomo nasema nzuri, na huo ni uongo mtupu. Nina miaka hamsini na tatu, magoti yanalia nikipanda ngazi, na kila asubuhi nasukuma toroli la mavi ya farasi kwenye upepo wa Wyoming, upepo ambao haujawahi kumwonea mtu huruma. Mchana nakaa darasani na watoto waliozaliwa mwaka niliofunga ndoa ya pili. Jioni naenda kazini kwenye makao ya wazee, nawaogesha, nawalisha, nawalaza. Nikifika nyumbani napitiwa na usingizi hata soksi sijavua.

Watu huniuliza kilichonipeleka kusoma sayansi ya farasi na umri huu. Baba alikuwa na ranchi, ikauzwa nikiwa binti, na tangu hapo nimefanya kila kazi duniani isiyokuwa na farasi ndani yake. Mtoto wangu wa mwisho alipohama nikasema potelea mbali, sasa ni zamu yangu. Chuo chenyewe ni kidogo, majengo manne na banda la mazoezi ambalo bati lake linapiga makelele kama linadai kitu. Wanafunzi wenzangu wananiita Bibi. Mwanzo walikuwa wananong'ona, siku hizi wanasema hadharani, na kinara wao ni Colter Brandvold, kijana mrefu anayerusha kamba kwenye mashindano ya rodeo. Hunishikia mlango na kuniambia nipite taratibu nisije nikavunjika. Namjibu kwamba siku nikivunjika nitahakikisha namwangukia yeye. Kijana mzuri, ila mdomo wake hauna breki.

Sasa, utaratibu wetu ni huu. Kila vuli wenye ranchi wanatuazima farasi wachanga, wa miaka miwili, ambao hawajawahi kubeba mtu. Majina ya wenyewe yanatiwa kwenye kofia, kila mwanafunzi anachomoa moja, na farasi aliyekuangukia ni wako mpaka masika. Unamfundisha kushikwa, kutandikwa, kupandwa, kugeuka, kusimama. Masika mwenyewe anakuja, anampanda farasi wake mbele ya watu, halafu anampakia kwenye tela. Hasemi kitu. Huku kwetu mtu hakwambii amependa wala hajapenda. Anakushukuru, anakula maharage ya nyama na mkate wa mdalasini, anaondoka, na jibu lako unalipata langoni. Tela likikunja kaskazini, farasi anakwenda ranchini kufanya kazi. Likikunja kusini, anakwenda mnadani, na farasi mchanga asiyefaa kazi akifika pale hununuliwa kwa uzito wake na kupandishwa lori la kwenda Mexico kuchinjwa. Ndiyo maana siku hiyo wanafunzi wote husimama kwenye uzio wakitazama matela yanakunja wapi. Nilikuja kutazama kabla sijajiandikisha, nikaona kijana wa miraba minne amekumbatia nguzo analia kama mtoto.

Mimi nilichomoa jina la Orval Kettleson. Darasa zima likaguna. Kettleson ni mzee ambaye goti lake la kushoto lilipondwa na ng'ombe dume zamani na halikunjiki tena, kwa hiyo ndiye mtu pekee katika wilaya nzima anayepanda farasi kwa upande wa kulia. Wengine wote tunapanda kushoto, mguu wa kushoto ukitangulia kwenye kikuku, kama baba zetu na babu zetu. Na ilikuwa inajulikana kwamba aliwahi kumpeleka kusini farasi mzuri kabisa, kisa hakutulia wakati mzee anajikokota kupanda.

Alimteremsha farasi wake kwenye tela bila hata kumtazama. Jike mdogo, rangi ya kahawia, na matakoni madoa meupe kama karukiwa na chokaa. Nikamuuliza mzee anamwitaje. Akasema hamwiti. Nikamuuliza, basi akitaka kumsemesha anafanyaje.

"Siongei na farasi," akasema. "Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akiongea nao."

Akapanda pikapu yake akaenda zake. Yule farasi nikampa jina Tansy, ua la njano linaloota pembeni mwa barabara bila kupandwa na mtu, na ukiling'oa linarudi.

Tulianza vizuri mno, na hicho ndicho kilichoniponza. Ukisimama kushoto kwake, Tansy alikuwa malaika. Aliinamisha kichwa avikwe hatamu, alisimama kama meza wakati wa kutandikwa, na kabla theluji ya kwanza haijaanguka nilikuwa nimeshampanda. Lakini hamia kulia sasa. Mkono ukimgusa tu bega la kulia anaruka kama kamwagiwa maji ya moto. Ukitokea upande ule na ndoo anakubamiza. Alikuwa kama farasi wawili walioshonwa pamoja.

Mwalimu wetu anaitwa Trudy Haskamp, mwanamke mkavu, mtu wa haki, ambaye kafundisha kazi hii hadi vidole vimepinda. Alitazama mara moja tu akajua ugonjwa wangu, au alidhani amejua. Kwa sababu sisi huku kila kitu tunafanya kushoto, kutandika kushoto, kupanda kushoto, kuongoza kushoto, basi kila mwanafunzi huwa anamfundisha farasi upande mmoja na kuusahau wa pili. Na farasi alichojifunza kwa jicho la kushoto, kwa jicho la kulia ni kitu kigeni, lazima umfundishe upya. Kosa hilo lipo kila mwaka. Trudy akiliona hana haja ya kuuliza.

"Farasi ana pande mbili, Lavonne," akaniambia. "Wewe umemfundisha nusu."

Nikamwambia nimefanya pande zote, sawa kwa sawa. Akanitazama vile unavyomtazama mtoto anayekana kwamba amekula sukari na midomo imejaa sukari. Akasema mtu akichoka hufanya upande ulio rahisi, halafu anaapa kwamba amefanya yote, na wala hasemi uongo, ni uchovu tu. Nilimchukia kwa maneno yale. Ukishinda umesimama tangu alfajiri, ukalala saa chache, ukaamka tena, utakumbuka ulisugua bega lipi? Nikaanza kuamini kwamba kweli nimetegea.

Basi nikajikaza kisabuni. Kipindi chote cha baridi ikawa ni kulia, kulia, kulia. Trudy alisimama katikati ya banda akiniambia nibane, nisimpe nafasi ya kukwepa, na mimi nikabana. Tansy akawa anatoka jasho kabla sijamgusa. Alianza kukonda. Na mimi nilianza kumwogopa, jambo ambalo sikumwambia mtu, kwa sababu mwanamke aliyejinyima mapumziko ili asome farasi halafu anaogopa farasi anachekesha.

Asubuhi moja nilimwendea kulia na tandiko, akageuka ghafla, akanibamiza kwenye mbao za ukuta. Nilijikuta nimelala chali kwenye vumbi la mbao, natazama bati. Colter akaja mbio, na hakuniita Bibi.

"Mama Lavonne, unapumua?"

"Napumua."

"Umevunjika?"

"Sijavunjika. Niache nilale kidogo. Ndiyo mapumziko yangu ya kwanza wiki hii."

Alicheka, akaniinua. Mbavu ziliniuma hadi kupiga chafya ikawa adhabu. Nikamfuata Trudy nikamwambia ampe Tansy mtu mwingine, kijana mwenye nguvu, mimi nimeshindwa. Akasema hakuna mtu mwingine, kila mmoja ana wake, na Kettleson anakuja masika nikiwa nimeshindwa au sijashindwa. Nilikaa ndani ya gari langu nikala mkate wa jana, nikalia kidogo, nikaenda kazini.

Somo la maumbile ya farasi tunafundishwa na daktari wa mifugo wa mjini, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Mara nyingi darasani kwake nasinzia. Siku hiyo alikuwa anazungumzia macho, na mimi kidevu kimeshagusa kifua, nikamsikia akisema kuna farasi wanaopigwa viboko kwa ukaidi kumbe hawaoni. Usingizi wote ukakatika. Sikusubiri amalize. Niliacha mkoba wangu pale pale nikatoka, na watoto wakadhani Bibi kabanwa na choo.

Tansy alikuwa anatafuna majani yake makavu. Nikavua glavu, nikaipunga karibu na jicho lake la kushoto. Akarusha kichwa juu. Nikazunguka taratibu, mbali, bila kumgusa, nikaipunga karibu na jicho la kulia. Akaendelea kutafuna. Nikasogeza karibu zaidi, karibu kabisa, hata kope hazikucheza. Nikamvuta mlangoni penye mwanga, na hapo nikaiona rangi ya lile jicho, buluu hafifu, kama maji yaliyooshea kikombe cha maziwa. Mle bandani, kwenye giza na vumbi, nilikuwa nadhani ndivyo alivyozaliwa.

Daktari alikuja na tochi yake. Akasema ni ule ugonjwa unaokuja na kuondoka, wazee wa huku wanauita ugonjwa wa mwezi, na farasi wenye madoa kama yake unawapenda sana. Jicho la kulia limekwisha, na inaelekea lilikuwa limekwisha kabla hajaletwa kwetu. La kushoto ni zima. Trudy akageuza ndoo akaikalia. Akashika tama, kisha akasema kwamba amenifanya nimkimbize mnyama gizani msimu mzima.

"Nilikwambia," nikasema.

"Uliniambia."

Nilitaka kukasirika zaidi ya hapo. Nilikuwa na haki. Lakini hasira nayo inataka nguvu, na mimi nilikuwa na zamu jioni.

Na ni zamu ile iliyonifundisha la kufanya. Kwenye makao tuna bibi mmoja, Almeda, haoni kabisa, na ukimgusa bila kusema neno anakuchapa kofi lenye uzito wa ajabu kwa mwanamke mdogo vile. Wafanyakazi wapya wote wamelionja. Sisi wa zamani tunaanza kusema tukiwa mlangoni: ni mimi tu, mama, ni mimi, nakuja kukuvisha. Basi anatulia, anakunyooshea mkono mwenyewe. Jioni ile nilikuwa namvisha sweta, mara nikasimama na sweta mkononi nikijiona mjinga. Almeda akauliza mbona nimenyamaza, nimekufa?

Kesho yake nilikwenda kulia kwa Tansy, nikasimama hatua kadhaa, nikasema, "Ni mimi tu, mama. Ni mimi." Masikio yakageuka. Nikasema tena, nikasogea, nikasema tena, nikaweka mkono. Alitetemeka mwili mzima lakini hakuruka. Sikumbana. Nilisema maneno yale hadi yakapoteza maana, asubuhi baada ya asubuhi, na farasi yule ambaye alikuwa karibu kunivunja mbavu akaanza kuegemeza bega lake kwenye kiganja changu. Majani yalipoanza kuchipua nilikuwa naweza kumpanda kulia, mradi niseme kwanza. Usiposema, yuko palepale pa zamani. Colter alijaribu kimya kimya, nusura ang'olewe meno.

Ikabaki mzee. Mzee asiyeongea na farasi, apandaye kulia. Colter akashauri tusimwambie. Yeye atasimama karibu na kuongea ovyo ovyo wakati mzee anapanda, Tansy atatulia, tela litakunja kaskazini, mengine shauri yake. Ulikuwa mpango mbaya, nami niliupenda kwa siku kadhaa. Trudy alisema hatanilazimisha, mimi ndiye nitakayemkabidhi farasi, niseme nikiona inafaa. Lakini nilishawaona wazee walioanguka. Nawageuza kitandani kila jioni. Mzee wa goti moja akirushwa kwenye mawe huko malishoni peke yake, atakaa pale hadi nani amwone? Na nikisema, Tansy anakwenda Mexico. Nililala na hilo, nikaamka nalo.

Siku yenyewe upepo ulikuwa wa kuvua kofia. Matela yalijipanga tangu asubuhi, maharage yananukia. Nilimsugua Tansy kwa brashi hadi madoa yakang'aa. Kettleson alishuka, akamzunguka mara moja, akaelekea moja kwa moja upande wa kulia, akinyoosha mkono kuchukua hatamu.

"Bwana Kettleson, subiri kwanza," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Huyu haoni jicho la kulia."

Mzee akapitisha kiganja mbele ya lile jicho. Akakipitisha tena.

"Na wewe unampanda?"

"Kila siku. Upande wako huohuo. Msemeshe tu kabla hujamgusa, mwambie ni wewe, atasimama."

"Nilikwambia siongei na farasi."

Na kwa ukaidi ule ule uliomweka hai miaka yote hiyo, akaweka mkono begani kwa Tansy, kimya. Tansy akaruka. Mzee akatupwa kwenye uzio, akaushika kwa kwapa, mguu mbovu umejinyoosha pembeni kama fimbo, na kofia yake ikachukuliwa na upepo hadi upande wa pili wa uwanja. Colter akaikimbilia. Nilimwendea mzee nimuinue, akausukuma mkono wangu. Akajinyanyua mwenyewe, akaivaa kofia, akajifuta vumbi.

"Mpakie," akasema.

Nilimpakia, nikimwambia mbele ya mzee ni mimi tu, mama, ni mimi. Aliingia kwenye tela bila ubishi, kama mtoto anayepelekwa shule, na nikasimama humo ndani nimeweka paji la uso kwenye shingo yake. Roho iliniuma, tena si kidogo. Nilijilaumu kwa kusema, nikajilaumu kwa kutaka kunyamaza, nikamlaani mzee na mdomo wake uliokufa. Kisha nikatoka, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri, na Trudy akaja kusimama karibu nami.

Komeo la tela lile liko upande wa kulia. Mzee akaliendea, mguu wake unaburuzika kwenye changarawe. Tansy akasikia nyayo kwenye giza lake. Akaanza kupiga mateke, tela zima likayumba, bati linalia. Nikafungua mdomo nimsemeshe. Trudy akanibana mkono.

"Acha," akasema.

Mzee alisimama na mkono juu ya komeo, anatazama chini. Tansy anapiga, yeye kasimama. Nilidhani atafunga aende. Kisha nikamsikia, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Ni mimi."

Teke moja tena.

"Ni mimi tu, mama," akasema Orval Kettleson. "Ni mimi. Nafunga mlango."

Tela likatulia. Mzee hakuondoka. Aliingiza vidole kwenye upenyo wa ubavu wa tela, akasema kitu kingine ambacho upepo ulikichukua na hakikuwa cha kwetu. Halafu akafunga, akachechemea hadi kwenye pikapu. Maharage hakula. Hakunishukuru wala hakunitazama.

Wenzangu wote walikuwa wameshajipanga kwenye uzio. Pikapu ikafika langoni ikasimama. Lori la ng'ombe likapita. Barabara ikabaki tupu, na bado imesimama, taa za breki zinawaka, nami nikahisi hata kupumua ni kazi nyingine niliyoongezewa.

Ikakunja kaskazini.

Nikakaa chini palepale kwenye changarawe. Colter akainama akaniuliza kama nimevunjika. Nikamwambia hapana, aniache nikae kidogo.